Faili la Mama Digidigi

Zamani hizo, wanyama walipokwisha kujifunza kupanga foleni, Chiriku alipewa kazi ya kutunza mafaili ya Ofisi ya Ustawi. Kila faili alilipiga muhuri mwekundu: SIRI. Kisha akapaza sauti dirishani, "Mama Digidigi! Yule aliyekimbiwa na mume, maziwa yakamkauka! Sogea!"

Digidigi akasogea, macho chini. Mwanawe alikuwa hajanyonya tangu jana.

"Shikamoo, bwana karani. Ombi langu la maziwa limepita?"

"Jibu limo humu," Chiriku akalipapasa faili. "Ila ni siri, mama. Kanuni ni kanuni."

"Hata kwangu mwenyewe?"

"Hasa kwako! Si wewe ndiye mhusika?"

Foleni ikacheka. Digidigi alikaribia kulia, lakini akakumbuka anaongea na nani. Akawageukia wenzake, akasema kwa sauti, "Basi jamani, ndiyo nimenyimwa. Nasikia maziwa yangu kapewa Ngiri."

"Nani kasema?" Chiriku akafura. "Mwongo huyo! Ngiri kaandikiwa dawa ya minyoo tu! Wewe umepewa vibuyu viwili kila asubuhi, ukachukue kwa Nyati. Ukurasa wa tatu, sahihi ya Mkuu hii hapa!"

"Ahsante, baba," Digidigi akasema, akashika njia ya kwa Nyati.

Chiriku akalifunga faili upesi, akatazama huku na huku. Nyuma kabisa ya foleni, mchumba wa Ngiri alikuwa amemgeukia mwenzake.

"Minyoo?"