Nyuso Sita za Mzinga

Nyuso zote sita zilikataliwa, kwa sababu nilizipaka kahawia.

Mwaka ule wa hamsini na nne nilikuwa nikitoka Bongwe kila siku kwenda Diani, kumpakia rangi Meja mmoja mstaafu askari wake wa sanamu, wa madini ya risasi, wadogo kama kidole cha mtoto. Yeye na Wazungu wenzake waliwachezesha vita juu ya meza iliyomwagwa mchanga.

“Fundi, hawa wapiga mzinga ni nani?”

“Ni sisi, bwana. Kikosi chetu cha Burma. Huyu asiye na sikio ni Tsuma.”

“Wewe ulipiga mzinga, au ulichota maji?”

“Nilipiga, bwana.”

Alicheka. “Kwenye meza yangu hupiga Waingereza. Wageni wanafika saa kumi. Paka upya, ama uende zako.”

Mgongo uliniuma. Ningeweza kuinuka. Nilichanganya rangi nyeupe na tone la nyekundu, nikaanza.

Tsuma nilimwacha wa mwisho. Sikio lake la kushoto nilikuwa nimelikwangua kwa wembe, kwa kuwa kipande cha kombora kililing'oa wiki moja kabla hajafa. Shavu lake lilikubali rangi upesi.

Saa kumi mgeni mmoja alimwinua. “Huyu amevunjika.”

“Kosa la fundi,” Meja alisema.

Nilikuwa nikiosha brashi. Siku hiyo nilifuta watu sita. Watano walifia Burma. Wa sita, aliyeshika kombora nyuma ya mzinga, nilikuwa mimi.