Mguu wa Pembe

Krr, krr, krr! Tupa ilikwaruza pembe ya ng'ombe hadi Rukia akaridhika. Akauinua juu mguu mdogo wa cherehani, ule unaokandamiza kitu kinachoshonwa chini ya sindano, aliouchonga mwenyewe.

"Ami, ule wa chuma unang'ang'ania ngozi. Huu utateleza."

"Ngozi si kanga, mwanangu," alifoka ami yake, Fundi Shebwana. "Tundu likishatoboka halizibiki! Na ngozi ndiyo hii moja. Bibi harusi anayataka makubadhi yake jioni."

"Basi darizi wewe!"

Maneno yalimtoka kabla hajafikiri. Wote wawili walijua kwa nini ngozi ilikuwa bado tupu: mikono ya fundi ilikuwa imeanza kutetemeka. Mzee akamsukumia ile ngozi.

Rukia akaufunga mguu wa pembe kwenye cherehani, akateremsha sindano. Moyo ulimwenda mbio kuliko cherehani. Ngozi ikateleza kama samli kwenye chuma cha moto! Kikonyo kikajipinda, ua likachanua kwa uzi mwekundu.

"Lahaula!" Mzee alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Jini wewe, si mtoto!"

Likabaki jani moja. Rukia akaushika mkono wa ami yake, akauweka juu ya gurudumu la cherehani. Mkono ulitetemeka, lakini gurudumu lilizunguka, naye Rukia akaiongoza ngozi, sindano ikashuka palepale ilipotakiwa.

"Kila jozi, ami," alimwambia. "Jani la mwisho nitakuachia wewe."