Herufi Zinazotoka Kuume

Furaha ya peke yake inachoma. Mapadri waliomufundisha Kiebrania walikuwa wamekimbilia kule Musienene kwa sababu ya vita, na kijana Vagheni alibaki na ordinatere, kompyuta ya zamani yenye programu nyepesi ya kuandikia. Leo, kwenye kioo chake, visanduku vitupu vilivyokuwa vinatokea kila akiandika viligeuka herufi za Kiebrania.

Mutu akagonga mulango. Mama yake, mbele ya kutoka, alimukataza kufungua, lakini alitamani hata mutu mumoja aone zile herufi. Akafungua.

Askari akaingia, akainama mbele ya kioo, akafuata mustari kwa kidole chenye matope.

"Hii maandiko ni ya nani?"

"Ya Biblia, afande. Inasomwa toka kuume."

"Biblia inaanzaka kushoto, petit. Unaandikia adui. Beba mashini yako, twende."

Vagheni akaitwika, akiangaza njiani kama kuna mutu wa kumupelekea mama habari. Kulikuwa mbuzi tu.