Kidonda Kisafi

Sindano ya mia na arobaini nayo haikusaidia kitu. Mguu wa kulia wa Kondo ulizidi kuvimba, unyayo umejaa matundu, tangu alipochomwa na mwiba kwenye minazi ya Kinondoni mwaka hamsini na moja. Miaka mitatu sasa. Mkwezi gani asiyeweza kukanyaga hata kizingiti cha nyumba yake?

Mkewe, Tabu, hospitali ilikuwa imemchosha. Kila Jumatatu alimpakia mumewe nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka mjini, wakarudi na sindano nyingine na "tutaona". Mara kifua kikuu cha mifupa, mara usaha tu. Watu wamesoma wee, mguu mmoja unawashinda!

Yeye hakuwa na la kujilaumu. Kila wakitaka kutoka aliukanda mguu kwa maji ya chumvi, akachokoa matundu kwa njiti mpaka uchafu wote ukaishia kwenye beseni, akaufunga kitambaa cheupe kilichofukizwa udi.

"Unaniumiza, Tabu!"

"Vumilia. Unakwenda mbele za watu, bwana wee. Waseme mie sijui maji?"

Daktari Adelard alikuwa akifungua kitambaa, akiinama, akigeuza unyayo kwenye mwanga wa dirisha.

"Hutoka nini humu?"

"Majimaji tu, daktari," Tabu alijibu.

"Kidonda kisafi hivi sijapata kuona, mama. Lakini hakiniambii kitu."

Sifa alizipokea. Hayo mengine yalimuudhi njia nzima.

Kisha picha ya eksirei ikaonyesha mifupa imelika. Jumatatu iliyofuata Tabu aliuosha mguu kwa mara ya mwisho, huku akilia. Haikufika adhuhuri, ulikuwa umekatwa.

Alimkabili daktari mlangoni. "Miaka mitatu! Hata ugonjwa wenyewe hamkuujua!"

Adelard alimwonyesha kisahani cha kioo.

"Ni ukungu, mama, umeota mpaka ndani ya mfupa. Dalili yake ni hizi. Kwa kawaida hutoka zenyewe kwenye matundu. Ningeiona moja tu mwaka ule wa kwanza, ningekata kinofu, mguu ukabaki. Kila Jumatatu nilizitafuta."

Kisahanini mlikuwa na punje nyeusi, ndogondogo, kama ufuta ulioungua.

Nyumbani, kwenye beseni, za asubuhi ile zilikuwa bado hazijamwagwa.