Kelele za Nyumba Moja

Kila nyumba hupewa kelele zake za mwezi, na kipimo cha ukutani huzihesabu. Zikiisha, anayepaza sauti huchukuliwa.

Nilipoanzisha karakana yangu katika chumba cha nyuma, karibu kelele zote zikawa zangu. Nilipigilia rafu, nikafunga mezani jiriwa ya kubania mbao, nikapiga mbao randa. Miaka ikapita, wazazi wangu wakiishi kwa kunong'ona ili mimi nigonge.

"Seremala wetu ana nyundo kubwa kuliko adabu," Mama alininong'oneza akicheka.

"Nitakuwa fundi wa mji huu, Mama. Utaona."

Juzi Baba akafariki. Kelele zilizobaki zilitosha jambo moja tu, jeneza au kilio.

"Pigilia misumari, Ambilikile," Mama alinong'ona. "Baba yako asizikwe kwa mkeka."

Nilikataa. Nilichukua mbao nilizokwisha kuzikata, nikaziunga kwa gundi na vijiti, nikivisukuma kwa kiganja mpaka kikachubuka.

"Sasa lia, Mama. Lia hadi wa mlimani wasikie."

Alimshika Baba miguu, akafumbua kinywa. Ukatoka mnong'ono. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, ukatoka mnong'ono uleule. Akanigeukia, akanitazama kama anayeuliza nimeiweka wapi sauti yake.