Kocha Kifaru Asaka Mkono Mrefu

Kocha Kifaru alichoka kufungwa. Timu yake ya mpira wa kikapu ilijaa wenye nguvu, lakini mpira wenyewe hawakuupata. Akatangaza msitu mzima: "Namtaka mchezaji mwenye mkono mrefu!"

Alimtarajia Sokwe. Akaja Ngedere, mfupi, mwizi wa mahindi anayejulikana kila shamba.

"Wewe nawe umefuata nini?"

"Shikamoo, Kocha. Si umemwita mwenye mkono mrefu? Waulize wenye mashamba."

Kifaru alicheka mpaka machozi, akamsajili. Siku ya mechi, Ngedere aliwaibia wapinzani wao, timu ya Chui, mpira mchana kweupe, na timu ikashinda.

Kifaru akataka kupuliza filimbi yake kwa furaha. Shingoni haipo!

"Ngedere! Mechi imekwisha!"

"Ulisajili mkono, Kocha. Hukuuliza unapumzika lini."