Habari za Udongo

Tangu ipite sheria kwamba hakuna kupanda kabla shamba halijahojiwa, Atupakisye alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Leo bwana shamba amefika! Akachomeka kijiti cha kusemeshea udongo, akafungua dodoso.

"Habari za tangu mwaka jana?"

"Nzuri," udongo ukajibu.

"Rutuba inatosha?"

"Inatosha, tunashukuru."

"Ruhusa imetoka, mama! Panda!"

Atupakisye akapiga vigelegele, akakimbilia mbegu. Kwenye tuta la kwanza akasita. Marehemu mama yake, hata siku ile ya mwisho, kila aliyemjulia hali alimjibu, "Nzuri tu."

Akapiga magoti kando ya kijiti. "Sema kweli," akanong'ona. "Umechoka?"

Udongo ukauliza, "Watoto wameshakula?"